Risasi Inapoingia kwa Shida katika Bunduki Mpya ya Bolti: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Bunduki ya bolti, yaani ile inayofungwa kwa kusukuma chuma chenye mpini nyuma ya mtutu, ikiwa katika hali nzuri huipokea risasi kwa uzito mdogo wa mkono, na mpini wake hushuka bila kusukumwa kwa kiganja. Mpini unapogoma katikati ya njia, au unaposhuka baada ya kugongwa tu, wamiliki wengi wa bunduki mpya hufanya moja kati ya mambo mawili, na yote mawili ni makosa: ama hulazimisha kwa imani kwamba bunduki italainika kwa matumizi, ama hulaumu boksi la risasi na kwenda kununua jingine. Ugumu huo una chanzo kinachoweza kujulikana, na hatua kubwa ya kukijua ni kutambua mahali hasa, katika safari nzima ya bolti, ambapo mkono unaanza kuhisi uzito.

Mifano ya mwongozo huu inatokana na risasi za aina mbili. Ya kwanza ni .30-06 Springfield, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na ambayo leo ni risasi ya kawaida ya kuwindia swala na wanyama wa ukubwa wa kati. Ya pili ni .375 H&H Magnum, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, ambayo wawindaji wa kitaalamu wa Tanzania wanaifahamu kwa kazi ya nyati. Nimezichagua hizi mbili kwa sababu moja ya msingi: kila moja hugota ndani ya bunduki kwa namna yake, na tofauti hiyo hubadilisha namna ya kutafuta kosa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hapa "risasi" ni kitu kizima kinachotoka kwenye boksi. "Kichwa" ni kile kipande cha mbele kinachoruka. "Ganda" ni shaba inayobeba baruti, nalo lina shingo, bega na kitako. "Fataki" ni kile kidonge cha kitakoni kinachopigwa na pini. Chemba ni chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Meno ya bolti ni yale matuta mawili au zaidi yanayojifunga nyuma ya chemba mpini unaposhuka, na ukucha ni kile kibamba kinachoshika ukingo wa ganda ili kulivuta nje.

Usalama kabla ya uchunguzi

Ondoa risasi zote kwenye bunduki, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha peleka risasi hizo katika chumba kingine. Uchunguzi wote wa nyumbani ufanywe kwa risasi bandia, yaani zisizo na baruti wala fataki hai, ambazo huuzwa madukani au hutengenezwa na fundi wa bunduki kwa vipimo vya kawaida. Jaribio lolote linalohitaji risasi halisi lifanyike katika uwanja wa shabaha, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Usitegemee kizuizi cha usalama peke yake, kwani katika bunduki mpya hata kizuizi hicho bado hakijathibitishwa.

Kwa msomaji wa Tanzania, umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Hatua za hapa chini ni za kusafisha, kuangalia na kupima. Kazi yoyote ya kukwangua, kutia tupa au kuchimba chuma ni ya fundi mwenye leseni, na huko ndiko mwongozo huu unakokomea.

Hatua ya kwanza: jaribu bolti bila risasi

Jambo hili ni rahisi mno kiasi kwamba hurukwa na watu wengi. Funga na ufungue bolti mara kumi, chemba ikiwa tupu. Ikiwa ugumu ule ule upo, basi risasi hazihusiki hata kidogo, na hakuna haja ya kununua boksi jingine.

Katika bunduki mpya, chanzo cha kawaida cha ugumu wa aina hii ni grisi ya kiwandani. Bunduki husafirishwa zikiwa zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na mafuta hayo huganda katika mifereji ya meno, ndani ya bolti na ndani ya chemba yenyewe. Toa bolti, ifungue kama kijitabu cha bunduki kinavyoelekeza, ioshe kwa dawa ya kusafishia bunduki, kisha ikaushe. Chemba isafishwe kwa brashi yake, ambayo ni pana kuliko ile ya mtutu, halafu ipanguswe kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kitoke safi. Ukimulika kwa tochi kutoka nyuma, kuta za chemba zinapaswa kung'aa sawasawa, bila mistari ya duara wala utando wa kahawia. Usafi wa ndani ya bolti una umuhimu wa pekee, kwa sababu grisi iliyoganda kuzunguka pini inaweza kuifanya pini ibaki imechomoza, na pini iliyochomoza ikikutana na fataki wakati bolti inasukumwa ni hatari kubwa.

Ikiwa bolti bado ni nzito baada ya kusafishwa, chunguza skrubu. Nilipofungiwa darubini kwenye bunduki yangu ya .30-06, mpini ulianza kugoma siku ile ile, nami kwa majuma mawili nilibadilisha risasi aina tatu bila mafanikio. Skrubu ya mbele ya kitako cha darubini ilikuwa ndefu kwa chini ya milimita moja, na ncha yake ilikuwa inalikwaruza jino la juu la bolti kila lilipogeuka. Dalili yake ni mkwaruzo mpya unaong'aa juu ya jino. Legeza skrubu hiyo mizunguko miwili na ujaribu tena. Bolti ikilainika, umepata jibu, na dawa ni skrubu fupi. Skrubu ya mbele inayoshika bunduki kwenye mti wake, ile sehemu inayobeba chuma chote, huweza kufanya kosa hilo hilo kutoka chini, hasa mti ukibadilishwa au skrubu zikirudishwa katika matundu yasiyo yake.

Yapo pia mambo ambayo si kosa. Bunduki zilizojengwa juu ya muundo wa Mauser wa mwaka 1898 hukaza springi ya pini mpini unapoinuliwa, kwa hiyo uzito wa kufungua ni wa kawaida. Lee-Enfield, kwa upande wake, hukaza springi hiyo wakati bolti inasukumwa mbele, na anayetoka kwenye muundo mmoja kwenda mwingine hudhani kwamba silaha ina kasoro. Meno mapya ambayo hayajasuguana vya kutosha huleta uzito mdogo pia. Tone la grisi nyuma ya kila jino, na kuifungua na kuifunga bolti tupu mara kadhaa kila jioni, huondoa uzito huo. Grisi iishie kwenye meno. Chemba ibaki kavu, kwa sababu ganda linapotanuka wakati wa mlipuko hutakiwa kushika kuta za chemba, na likiteleza kwa mafuta, msukumo wake wote huelekezwa kwenye bolti.

Hatua ya pili: tambua mkono unapohisi uzito

Sasa tumia risasi bandia, na usogeze bolti polepole kuliko unavyofanya porini.

Uzito ukija mapema, wakati risasi bado inatoka kwenye magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi ndani ya bunduki, tatizo halijafika kwenye chemba. Kichwa kinakwama kwenye mteremko wa kuingilia, au midomo ya magazini inaibana risasi kupita kiasi, au boksi la magazini limebanwa na mti wa bunduki. Weka risasi moja tu badala ya magazini kujaa. Ikiwa moja inapita na nne hazipiti, chunguza springi na midomo ya magazini.

Uzito ukija mwishoni mwa kusukuma, kabla mpini haujaanza kushuka, kuna uwezekano wa mambo mawili. La kwanza ni kichwa kugusa michirizi ya mtutu, yaani mifereji iliyochongwa ndani yake. La pili ni ukucha, na hapa wamiliki wa bunduki za muundo wa Mauser wanapaswa kuwa makini. Katika muundo huo, ukingo wa ganda huteleza chini ya ukucha mpana wakati risasi inapanda kutoka kwenye magazini. Ukiidondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba na kufunga bolti juu yake, ukucha hulazimika kuruka juu ya ukingo, na baadhi ya kucha hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, hivyo hugoma au hata kuvunjika. Pitisha risasi ile ile kwenye magazini. Ikiingia kwa ulaini, bunduki yako haina kosa. Ni mazoea ya upakiaji yanayopaswa kubadilika.

Uzito ukija wakati mpini unashuka, risasi ni ndefu kuliko nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali inapogotea. Risasi ya .30-06 hugota kwenye bega lake. Ile ya .375 H&H ina mkanda wa shaba mbele ya kitako, na huo mkanda, ambao ukingo wake wa mbele uko takriban milimita 5.6 kutoka kitakoni, ndio unaogota. Bega la .375 huachiwa nafasi zaidi mbele yake, kwa hiyo ukiona alama ya msuguano kwenye bega la risasi yake mpya ya dukani, hilo ni jambo la kumwonyesha fundi, ilhali alama hafifu kwenye bega la .30-06 inaweza kuwa ya kawaida.

Katika bunduki zenye pini ya springi usoni mwa bolti kwa ajili ya kurusha ganda, kama vile Remington 700, pini hiyo huisukuma risasi upande mmoja na kuleta uzito kidogo unaofanana kila mara. Huo si ugonjwa.

Hatua ya tatu: itenganishe risasi na bolti

Toa bolti nje kabisa, inamisha mtutu, na udondoshe risasi bandia ndani ya chemba. Inapaswa kuingia yote kwa uzito wake au kwa msukumo mwepesi wa kidole, na kutoka yenyewe unapoinua mdomo wa mtutu. Rudia uwanjani kwa risasi halisi kumi za boksi lako, bolti ikiwa mezani. Iliyogoma kutoka ndiyo yenye habari unayoitafuta, kwa hiyo itenge na uiandikie namba. Hapo hapo linganisha na risasi za kiwanda kingine, na ikiwezekana za tatu. Ikiwa aina moja tu inagoma, andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi na uirudishe kwa muuzaji. Ikiwa zote zinagoma, chemba ndiyo ya kushukiwa.

Hata hivyo, hutokea kwamba hakuna upande wenye makosa. Vipimo vya risasi na chemba huwekwa na vyombo vya viwango, SAAMI kwa Marekani na C.I.P. kwa Ulaya, na kila kipimo kina kiwango cha chini na cha juu. Chemba iliyotengenezwa karibu na kiwango cha chini, ikikutana na risasi iliyo karibu na kiwango cha juu, hubana ingawa vyote ni halali. Tofauti inayozungumzwa hapa ni ndogo sana: katika .30-06, kinachotenganisha chemba nzuri na ile ya kukataliwa ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Chemba inayobana kidogo namna hii mara nyingi hulenga vizuri sana, lakini aendaye kukabiliana na nyati haihitaji.

Hatua ya nne: paka wino na usome alama

Chukua kalamu ya maka yenye wino mweusi na uipake risasi bandia kuanzia kichwa hadi kitako, uiache ikauke, kisha uiingize kupitia magazini na ushushe mpini taratibu hadi unapogoma tu. Itoe na uiangalie kwenye mwanga mkali. Usitumie masizi ya mshumaa, hata kama mababu wa ufundi walifanya hivyo. Moto na risasi havikai meza moja.

Wino uliofutika kwenye kichwa kwa alama ndogo za mstatili zilizopangana kuzunguka unaonyesha kwamba kichwa kinagusa michirizi. Pima urefu mzima wa risasi kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili: .30-06 haipaswi kuzidi milimita 84.84, na .375 H&H haipaswi kuzidi 91.44. Umbo la kichwa nalo linahesabika, kwa sababu kichwa butu na kinene mbele hufika kwenye michirizi mapema kuliko kilichochongoka, ingawa urefu wa risasi ni ule ule. Hapa kuna onyo lisiloweza kupuuzwa. Ukiitoa risasi halisi ya namna hii, kichwa kinaweza kubaki kimekwama kwenye mtutu huku ganda likitoka na baruti ikimwagika ndani ya bunduki. Hilo likitokea, usiingize risasi nyingine kwa hali yoyote. Mtutu umezibwa.

Duara lililofutika kwenye bega linaonyesha kwamba bega liko mbele mno, au chemba ni fupi. Wino uliokwanguliwa kwenye ukingo wa mdomo wa ganda unamaanisha kwamba ganda ni refu; .30-06 isizidi milimita 63.35 na .375 H&H isizidi 72.39. Ganda refu ni hatari kuliko ugumu wenyewe, kwani mdomo wake hubanwa mwishoni mwa chemba, hukishika kichwa kisiachie, na shinikizo hupanda. Alama juu kidogo ya kitako, au mbele tu ya mkanda kwa .375, ni ya ganda lililovimba, na karibu kila mara ni ganda lililokwisha kupigwa katika bunduki nyingine. Mkwaruzo wa upande mmoja kwenye ukingo wa nyuma ni wa ukucha.

Usipoona alama yoyote, na mpini bado unagoma, rudi hatua ya kwanza ukaangalie skrubu upya.

Risasi zenyewe: kutu, mkanda wa ngozi na kufanana kwa majina

Katika mazingira yetu kuna chanzo ambacho vitabu vya ughaibuni hukitaja kwa uchache. Risasi zikikaa muda mrefu kwenye mkanda wa kiunoni wa ngozi, shaba hushikwa na kemikali za kulainishia ngozi na kuota ukungu wa kijani, ambao ni mgumu na hunenepesha ganda pale pale linapogusa chemba. Hewa ya chumvi ya Tanga au Bagamoyo huharakisha jambo hilo. Risasi yenye ukungu mwepesi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Iliyoliwa hadi shaba ikapata vishimo itengwe. Vumbi la kiangazi likichanganyika na mafuta hugeuka kuwa tope la kusugulia, na chemba iliyojazwa tope hilo hubana risasi ambazo juma lililopita ziliingia bila tatizo.

Soma pia maandishi ya kitako cha kila risasi, moja baada ya nyingine, na uyalinganishe na maandishi ya mtutu. Risasi ya Mauser ya milimita 8 ina kichwa cha milimita 8.2, ilhali mtutu wa .30-06 umetengenezwa kwa kichwa cha milimita 7.82, na kuchanganya hizi mbili kumewahi kupasua bunduki. Mpini unaogoma unaweza kuwa onyo la mwisho unalopewa.

Kwa wanaojaza risasi upya

Wasomaji walioko Marekani, ambako wawindaji wengi hujaza maganda yao wenyewe, watakuta kwamba ugumu mwingi wa bunduki mpya hutokana na maganda yaliyopigwa katika bunduki ya zamani. Kubana shingo peke yake hakutoshi. Ganda lipitishwe lote kwenye dai, yaani kalibu ya chuma ya kurudisha umbo, na dai ishushwe kidogo kidogo hadi bega lirudi nyuma kwa takriban sehemu tano za mia za milimita kuliko pale linapogusa. Kulirudisha zaidi ya hapo huondoa ugumu, ndiyo, lakini ganda hunyooka kila linapopigwa na mwishowe hukatika karibu na kitako. Pima urefu baada ya kubana, si kabla. Halafu angalia ubanaji wa mdomo juu ya kichwa: ukikazwa kupita kiasi, bega huvimba kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na risasi nzima hugoma.

Ugumu unaokuja baada ya kupiga

Haya yote yanahusu kuingia. Ikiwa risasi iliingia vizuri lakini mpini ukawa mzito kuinuka baada ya kupiga, hilo ni jambo jingine na ni la haraka zaidi: shinikizo limepita kiasi. Angalia fataki iliyolala bapa na alama inayong'aa kitakoni mwa ganda. Acha kupiga siku hiyo. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa jua kali hupandisha shinikizo, na zikae kivulini ndani ya boksi lake.

Na ikiwa bolti imejifunga juu ya risasi hai na haifunguki, usigonge mpini kwa nyundo wala usipitishe fimbo kutoka mdomoni mwa mtutu. Elekeza mtutu kwenye tuta, jaribu kuinua mpini kwa mkono tu, na ukishindwa mwite fundi aje ulipo, badala ya kuibeba ndani ya gari.

Unapomfikia fundi

Mpelekee bunduki, risasi bandia yenye alama za wino, maboksi yenye namba za toleo, na maelezo ya mahali uzito unapoanza. Mwombe apime chemba kwa geji, yaani vipande vya chuma vyenye urefu maalumu, bolti ikiwa imetolewa pini na springi ya kurusha ganda ili mkono wake uhisi chuma peke yake: bolti inapaswa kufunga juu ya geji ya chini na kukataa kufunga juu ya ile ya juu. Ikikataa hata ile ya chini, chemba ni fupi, na bunduki mpya irudishwe kwa muuzaji kwa dhamana yake kabla mtu yeyote hajaikwangua. Fundi anayependekeza kutia tupa kwenye meno ya bolti ili mpini ushuke, usimwachie bunduki. Meno hayo ndiyo yanayoushikilia mlipuko usirudi usoni mwako.

Tatizo likiisha, ipeleke bunduki uwanjani pamoja na risasi zote unazokusudia kubeba porini, na kila moja uipitishe kwenye magazini, uifunge na uitoe, mtutu ukiwa kwenye tuta. Yenye uzito wowote ipigwe hapo hapo kwenye shabaha kama imekwisha kupimwa na kuonekana salama, au itengwe. Zilizopita zirudi kwenye boksi lililoandikwa tarehe kwa kalamu ile ile ya maka, na zichukuliwe hizo tu.